Chini ya Kidevu

Baba alifua lijamu katika soko la Hama,
duka la tatu kutoka darajani, mahali ambapo
magurudumu ya maji hulia mchana kutwa
kama mtu aumwaye jino.
Mlango wetu ulikuwa mfupi. Wateja waliingia wakiinama,
farasi walibaki nje, wakitia ukungu kioo cha dirisha.

Alikuwa na tabia moja: akighadhibika,
mkono wake wa kushoto hupanda wenyewe
ukashika kidevu, kidole gumba taya hii,
vidole vinne taya ile,
na neno lililokuwa njiani likarudi lilikotoka.
Nilidhani ni ndevu zinamwasha.

Nikiwa darasa la sita nilirudi na zoezi:
andika asili ya neno hekima.
Yeye akatungua kipande msumarini,
mnyororo mfupi, pete kumi na tatu,
ule upitao chini ya kidevu cha farasi.
"Huu," akasema, "ndio hakama.
Wenye kamusi za kale walianzia hapa,
kwenye mate na kutu.
Farasi akitaka kuruka ukuta, huu humwambia: ngoja.
Ha, kafu, mimu. Uvute huku, utapata hakimu na hukumu.
Uvute kule, mahakama. Uachie kidogo,
usiuachie wote: hekima."

Nikaandika. Nikapata tisa kwa kumi.
Moja ilikatwa kwa doa la mafuta.

Mwaka uliofuata ami yangu Jadaani
alitushitaki kwa ajili ya nusu ya duka.
Nilikaa benchi la nyuma, nimeshika nguo ya mama.
Ami alisema uongo mwingi, mwingine mzuri.
Akasema fuawe aliinunua yeye. Akasema
baba alimzika mama yao kwa sanda ya kukopa.
Mkono wa kushoto ukapanda.
Hakimu akangoja. Karani akangoja, kalamu juu.
Nje muuza maji ya ukwaju aligonga vikombe vyake vya shaba,
akapita.
Baba hakusema kitu.
Tukatoka na nusu ya duka, na fuawe si yetu.

Mtaani walimsifu. Angejibu, walisema,
ingemwagika damu ya ndugu; huyo ndiye mwenye hekima.
Nilijivuna siku tatu. Ya nne nikamweleza mama
habari ya mnyororo na herufi zake
kana kwamba niliubuni mimi.

Mama alikuwa akichambua dengu.
Hakuinua macho.
"Lijamu husifiwa na aliyeshika hatamu," akasema.
"Muulize farasi ladha ya chuma."
Kijiwe kikaanguka kwenye sahani: ti.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sikumuuliza
ni mara ngapi, katika nyumba ile,
mkono nisiouona mimi ulipita chini ya kidevu chake.
Namuuliza sasa, na mwenyewe hayupo.

Ila naikumbuka Januari moja, barafu kwenye ndoo,
na farasi jike wa kijivu wa Bi Rudeina muuza kuni
ameletwa kujaribiwa lijamu jipya.
Baba alikwisha kulinyanyua.
Mama akatoka jikoni na unga mikononi,
akalinyakua, akalitia kwapani,
ndani ya nguo, penye ngozi,
akasimama hivyo, meno yakigongana,
hadi baridi ikahama chuma ikaingia kwake.
Baba alitazama fuawe ya kuazima. Hakuna aliyecheka.
"Sasa," mama akasema.
Farasi akafungua kinywa.

Kamusi nimezipekua, za kale na za juzi.
Ha, kafu, mimu, zipo zote. Mnyororo upo,
umeelezwa vizuri, hata pete zake.
Kwapa silioni.